Amri ya Mungu Inamlinda Nani?

Juma lililopita nilipokea barua ya kurasa mbili kutoka kwa mama mmoja mkazi wa Temeke. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu wapo watakaomtambua mdogo wake. Mdogo wake huyo, anasema, amejiunga na kikundi kimoja cha sala. Alianza kwa kuacha kwenda kwenye harusi na misiba ya ndugu. Kisha akauza kiwanja chake, na fedha zote akamkabidhi kiongozi. Sasa ana mtoto wa miaka minne anayeandamwa na homa za mara kwa mara, na kiongozi ameamuru asipelekwe hospitali, kwani kufanya hivyo ni kumwasi Mungu. Mama huyu alipomsihi, mdogo wake alimjibu kwa upole kabisa: "Dada, Mungu anataka utii, hataki maswali."

Lile lililokuwa la haraka katika barua hiyo nilimjibu kwa simu siku ileile, nami nitalitaja baadaye. Lakini mwishoni mwa barua mama ameuliza mambo mawili ambayo nimeona tuyazungumze mbele ya wote. La kwanza: ikiwa Mungu hapungukiwi na kitu, utii wetu anautakia nini? Mwanadamu akikaa anadai kutiiwa kila saa, sisi humwita dikteta. La pili: je, nikimwambia mdogo wangu asitii amri hiyo, nitakuwa nimemkosea Mungu?

Mimi si shehe wala si mchungaji. Ni mwandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza nani kafanya nini na nani kafaidika. Basi nitaiuliza amri ya Mungu swali hilohilo la kazini kwangu: ikitiiwa, nani anafaidika?

Tuanze na methali tuliyochapwa nayo utotoni: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wengi wetu tumeisikia kama kitisho. Lakini isikilizeni vizuri. Methali haisemi kwamba mkuu atakuja na rungu amvunje mtu mguu. Haisemi wala kwamba heshima ya mkuu itapungua. Guu linalovunjika ni la yule asiyesikia, na linavunjwa na shimo ambalo mkuu alikwisha kuliona. Wahenga wetu walijua kwamba kuna neno linalosemwa kwa ajili ya mguu wa msikilizaji, wala si kwa ajili ya kiti cha msemaji.

Sasa tukifunua kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, tunakuta amri moja ambayo sijapata kuisikia ikihubiriwa katika mkutano wa hadhara. Inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Basi! Hakuna sadaka ndani yake, wala hakuna sala. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na mapaa bapa, kama zile nyumba za kale za Lamu. Juu ya paa watu walilala wakati wa joto na walianika mazao. Rahabu wa Yeriko aliwaficha wapelelezi huko juu, chini ya mabua ya kitani. Watoto nao, bila shaka, walicheza huko. Hivyo Mungu aliyeumba mbingu na nchi anazungumza na fundi mwashi juu ya tofali chache za pembeni, kwa sababu ya mtoto wa jirani anayecheza juu ya dari.

Jiulizeni, Mungu anapata nini katika ukingo ule? Hapati hata senti moja. Mwenye nyumba ndiye anayegharimika, na anayefaidika ni mgeni ambaye pengine hata jina lake halijulikani. Tulipolizika jengo la ghorofa 16 lililoporomoka hapa Dar es Salaam Machi 2013, likaua watu zaidi ya 30, hakuna aliyelalamika kwamba sheria za ujenzi ni za kidikteta. Tulilalamika kwamba hazikufuatwa.

Nendeni mbele kidogo, sura ya 24. Hapo kuna amri juu ya mikopo, na nawaomba wale wenye biashara ya mikopo inayoitwa "kausha damu" watege sikio. Mkopeshaji anakatazwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana jiwe hilo ndilo linaloipa nyumba unga wa siku. Anakatazwa kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchagua anachotaka. Asimame nje, mwenye nyumba amletee. Na ikiwa maskini ameweka rehani vazi lake, arudishiwe kabla jua halijatua, apate kujifunika usiku. Kibarua naye alipwe siku ileile, jua lisitue kabla hajapewa ujira wake, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautazamia. Leo hii hapa mjini cherehani ya mjane inabebwa mchana kweupe kwa deni dogo, na kadi ya benki ya mwalimu inakaa katika droo ya mkopeshaji mwaka mzima. Jiwe la kusagia lingali linachukuliwa, limebadilika umbo tu.

Naweza kuendelea hivi mpaka muda wa kipindi uishe. Siku ya mapumziko, kwa mfano, watu wengi wanaijua kama siku ambayo Mungu anadai haki yake. Lakini katika sura ya 5 ya kitabu hichohicho sababu iliyotajwa ni kwamba mtumwa na mjakazi wapate kupumzika sawasawa na bwana wao, kwani na ninyi mlikuwa watumwa Misri. Hata ng'ombe na punda wametajwa. Nyumba ngapi za wacha Mungu hapa mjini zimempa dada wa kazi siku moja ya kupumzika katika juma? Hilo tuliache, maana litatugombanisha.

Lililo muhimu ni kwamba aliyeamuru hana haja. Katika kitabu cha Ayubu, kijana Elihu anauliza: ukitenda dhambi, unamdhuru Mungu kwa kipi? Ukiwa mwema, unampa nini? Uovu wako unamfikia mtu kama wewe, na wema wako kadhalika. Ndugu zetu Waislamu wanalo fundisho hilohilo katika Sura ya 22 ya Kurani, Suratul Hajj, panapozungumzwa wanyama wa kuchinjwa: nyama na damu havimfikii Mwenyezi Mungu, kinachomfikia ni ucha Mungu wenu. Na nyama ile inaliwa na nani? Inaliwa na wenye kuchinja na inagawiwa kwa maskini.

Basi swali la kwanza la mama linageuka. Dikteta anaamuru kwa sababu anahitaji: anahitaji kusifiwa, anahitaji kodi, anahitaji vijana wa kumfia vitani. Yule asiyehitaji kitu akitoa amri, sababu yake lazima itafutwe upande wa pili, upande wa anayeamriwa na wa jirani yake. Amri kumi zenyewe, katika kitabu cha Kutoka sura ya 20, hazianzi na amri. Zinaanza na ukumbusho kwamba Yeye ndiye aliyewatoa katika nyumba ya utumwa. Kwanza waliokolewa, baadaye wakaamriwa. Kama ingekuwa kinyume, yaani watii kwanza ndipo waokolewe, hapo kweli tungesema ni biashara. Aliyewapenda wakiwa bado hawajatii hata amri moja hawezi kushukiwa kwamba aliwapenda kwa ajili ya utii wao.

Na hapa nataka nimjibu mdogo wake mama, yule anayesema Mungu hataki maswali. Katika sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati imetazamiwa kabisa kwamba mtoto atamwuliza baba yake: amri hizi maana yake nini? Baba hakuambiwa amchape kibao wala amwambie anyamaze. Ameagizwa akae amsimulie: tulikuwa watumwa wa Farao, Bwana akatutoa, akatupa amri hizi kwa faida yetu siku zote, ili tuwe hai. Swali la mtoto limewekwa ndani ya sheria yenyewe.

Sitaki, hata hivyo, kuwadanganya kwamba kila amri inaonyesha sababu yake waziwazi. Kitabu hicho chenye ukingo wa dari ndicho kinachokataza vazi lililofumwa kwa sufu na kitani pamoja, na wataalamu wa maandiko wamebishana juu yake karne nyingi. Ipo pia habari ya Ibrahimu kuamriwa kumtoa mwanawe, habari ambayo mzazi yeyote mwenye akili timamu akiisoma moyo unamshtuka. Lakini habari hiyo inaishia wapi? Inaishia na mkono uliozuiwa, na kondoo dume aliyenaswa pembe zake kichakani. Ilisimuliwa katika nchi ambayo majirani walikuwa wakiwatoa watoto wao kwa miungu kwelikweli, na yeye anayeamua kuitumia ili kuwanyima watoto wake chakula au dawa ameikatiza pale katikati, kisu kikiwa bado juu.

Tena utii unauma. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekataa kuchezea mizani anapata hasara, na mwenzake wa duka la pili anajenga ghorofa. Karani anayekataa rushwa anarudi nyumbani na daladala. Hatuwezi kuwaambia watu hao kwamba amri inawafaidia mfukoni jioni ileile. Tunachoweza kusema ni kwamba kuna mteja aliyepata kilo kamili na mgonjwa aliyetibiwa bila kutoa kitu kidogo, na kwamba mtu huyo huyo siku nyingine naye atakuwa mteja mahali, naye atakuwa mgonjwa.

Wahubiri wengi hupenda kufananisha jambo hili na baba na mtoto. Mimi mfano huo nautumia kwa uangalifu. Wapo wasikilizaji ambao baba zao waliamuru kwa sababu walikuwa wamelewa. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba Mungu ni baba, umemwongezea mzigo. Nabii Hosea ametoa picha iliyo bora zaidi, sura ya 11: Mungu anajieleza kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea, amemshika mikono, kisha anainama kumlisha. Mtu anayemfundisha mtoto kutembea naye humwambia "njoo", "simama", "usiende huko". Hizo nazo ni amri.

Sasa tuje kwenye lile linalomkosesha mama usingizi, maana amri za bandia zipo, na zimeua watu.

Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la sala lililokuwa limefungwa. Baadaye yakapatikana makaburi mengine katika nyumba za kundi hilo. Jina la kundi lenyewe lilisema kwamba kazi yake ni kurejesha Amri Kumi za Mungu! Wafuasi waliuza mali na kuwakabidhi viongozi fedha. Walizuiwa hata kuzungumza, wakawa wanatumia ishara za mikono, eti wasije wakavunja amri ya kusema uongo. Katika orodha waliyotaka kuirejesha imo pia amri isemayo usiue.

Miaka 23 ikapita. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, polisi walianza kufukua makaburi, na kazi ilipoendelea idadi ya miili ilizidi 400. Sisi tunaosoma taarifa za habari tulikuwa tukibadilisha tarakimu katika karatasi kila asubuhi. Watu hao walikuwa wameambiwa wafunge kula ili wakamwone Yesu. Madaktari waliochunguza maiti walisema wengi walikufa kwa njaa, na wengine, watoto wakiwamo, walionyesha dalili za kunyongwa. Kiongozi wa kundi alifikishwa mahakamani akakana mashtaka, na hayo tuwaachie mahakimu.

Ninachotaka ni kuliweka jambo la kufunga mbele ya maandiko. Kurani, katika Suratul Baqara, inaamuru saumu ya Ramadhani, na papo hapo inasema mgonjwa na msafiri watahesabu siku nyingine, kwa kuwa Mwenyezi Mungu anawatakia wepesi wala hawatakii uzito. Na jua likizama, watu wanafuturu. Nabii Isaya naye, sura ya 58, anaeleza saumu aliyoichagua Mungu: kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa mkate wako, kumvika aliye uchi. Kwa maneno mengine, mtu anafunga, na sahani inakwenda kwa mwingine aliye na njaa. Saumu ambayo mwisho wake ni mtoto kulala njaa kichakani haimo katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili.

Yako maneno mazito zaidi. Nabii Yeremia, sura ya 7, aliwakuta watu wa Yerusalemu wakiwachoma watoto wao katika bonde la Mwana wa Hinomu, na wakiamini kwamba wanafanya ibada. Jibu alilopewa awape ni kwamba Mungu hakuamuru jambo hilo, wala halikuingia moyoni mwake. Na katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, kuna kisa cha amiri wa kikosi aliyewakasirikia askari wake, akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani yake, kwa kuwa Mtume aliwaagiza wamtii. Walitazamana. Wakasema, sisi tulimkimbilia Mtume ili tuukimbie moto, sasa tuuingie? Ghadhabu ya amiri ikatulia na moto ukazimika. Habari ilipomfikia Mtume, alisema kwamba lau wangeingia wasingetoka humo kamwe, na kwamba utii ni katika jambo jema tu. Wale askari waliosita hawakulaumiwa.

Mama, umeuliza utaijuaje amri ya bandia. Nabii Samweli alitoa kipimo zamani sana, wakati watu walipotaka mfalme. Aliwaorodheshea tabia ya mfalme: atachukua wana wenu, atachukua binti zenu, atachukua mashamba yenu yaliyo mazuri, atachukua sehemu ya kumi ya mbegu zenu. Kitenzi ni kimoja tu, kuchukua. Lakini ile sheria ya Mungu juu ya mfalme, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 17, inakwenda kinyume: asijiongezee farasi, asijiongezee wake, asijiongezee fedha na dhahabu, na ajiandikie mwenyewe nakala ya sheria aisome siku zote, moyo wake usije ukainuka juu ya ndugu zake. Mtawala naye ameamriwa, tena yeye ndiye aliyebanwa zaidi.

Kwa hiyo mtazame huyo kiongozi wa mdogo wako. Kiwanja kimekwenda wapi? Naye ameuza chake? Watoto wake wakiugua wanatibiwa wapi? Je, yeye anaulizwa maswali na mtu yeyote? Tena kaa na mdogo wako umwulize kwa upendo, bila kumkejeli imani yake. Usimwambie amwache Mungu. Mwambie kwamba mfalme Hezekia alipougua karibu ya kufa, Mungu alisikia sala yake, na nabii Isaya aliyemletea jibu hilo ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sala ilisikiwa na dawa ikabandikwa, wala hakuna aliyeona kwamba kimoja kimekitukana kingine.

Kuhusu mtoto, nilikueleza kwa simu na sasa narudia kwa faida ya wengine walio na jambo kama hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya matibabu, na mzazi hana ruhusa ya kumnyima, awe na kiongozi au asiwe naye. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa ana mamlaka ya kuingilia kati, na namba ya simu 116 ni ya kutoa taarifa za watoto bila malipo. Kufanya hivyo si kumsaliti mdogo wako. Yeye ni mtu mzima, mtazungumza naye leo, kesho na mwakani. Mtoto wa miaka minne mwenye homa anahitaji kupimwa damu sasa.

Uliniambia ungekwenda Jumatatu asubuhi. Ukipata nafasi, mama, niandikie unieleze mtoto anaendeleaje.